Apdeti iliyovuruga fainali ya Ngamiani: seva ya majaribio ilikuwepo, simu zetu hazikuwemo

Kila apdeti kubwa ya gemu ikishuka ikaharibu kitu, kuna hoja inarudi ile ile, watu wanasema hawa jamaa wanaotengeneza gemu wangefungua seva ya majaribio kwa kila mtu, tukacheza kwanza, tukawaambia kasoro, ndo waachie. Hiyo hoja naiunga mkono na siifichi. Ila kisa cha fainali ya Ngamiani hapa Tanga kimenionyesha kwamba tunaidai nusu, kwasababu gemu lililotuvurugia lilikuwa na seva ya majaribio, ilifunguliwa mapema kabla ya apdeti, watu wakaingia, wakacheza, wakarusha na video, na bado yakatukuta. Kwahiyo nakieleza chote, kilivyotokea, sababu yake, na ile seva ilikosa nini. Jina la gemu naliacha, itoshe kujua ni moja ya yale ya kushuka na parachuti mnapigana mpaka ibaki timu moja.

Mashindano yaliandaliwa na mwenye kibanda mmoja cha gemu kwenye zile barabara za namba. Kibanda cha kawaida tu, mbele tv mbili za kuchezea mpira, nyuma benchi, soketi za chaja na waifai ya kulipia. Timu nane, watu wanne wanne, kiingilio elfu ishirini kwa timu, na makubaliano yalikuwa pesa yote iende kwenye zawadi ukitoa ya waifai na soda. Walikuja vijana wa Makorora, Mikanjuni, Chumbageni, timu moja ilitoka Pongwe huko. Mechi za mtoano zilipigwa wikiendi ya kwanza bila ugomvi wowote, fainali ikawekwa Jumamosi ya pili baada ya Isha, Makorora na Chumbageni. Mimi nilikuwa naandika alama.

Alhamisi apdeti ikashuka. Ramani imefanyiwa ukarabati mzima, majengo mapya, maji yanang'aa, silaha mpya, na ni ya lazima, yaani usipoapdeti gemu halikuruhusu hata kufika lobi, pale mnaposubiriana kabla ya mechi. Vijana wakanunua bando, wengine wakaja kudaunlodi kwenye waifai ya kibanda mpaka ikawa inatambaa, na ukimaliza kushusha ile ya Play Store ukifungua gemu lenyewe linakuambia kuna mafaili mengine ya kushusha ndani. Ijumaa wengi ndo wakamaliza. Hakuna aliyepata muda wa kucheza vya kutosha kabla ya fainali.

Sasa Jumamosi. Mechi ya kwanza, rumu, yaani chumba cha mechi ndani ya gemu, imefunguliwa, wote wameingia, ndege inapita, wanaruka, parachuti zinafunguka, yale majengo mapya yanaanza kuchoreka chini, na pale pale simu ya kijana mmoja wa Makorora kioo kinakuwa cheusi kidogo tu alafu anajikuta anaangalia picha ya wallpaper yake. Hakuna ujumbe, hakuna onyo, gemu limeondoka kama vile hajawahi kulifungua. Anafungua tena, linapakia taratibu, anarudi mchezoni anakuta mtu wake alishatua akasimama wima katikati ya uwanja na ameshapigwa. Kabla hatujaelewa na wa pili naye katoka. Makorora wakabaki wawili dhidi ya wanne, wakafa.

Mechi ya pili hivyo hivyo, safari hii wakatoka watatu. Tukasimamisha. Wakazima simu wakawasha, wakafunga Wasap, wakatoa laini moja, kuna mmoja akafuta picha za harusi ya dada yake apate nafasi, na haikusaidia kitu kwasababu shida haikuwa nafasi ya kuhifadhia, shida ilikuwa RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo simu inafanyia kazi, na RAM haiongezeki kwa kufuta picha. Iliniuma ile, picha zimeenda bure.

Hapo ndo maneno yakaanza. Makorora wanataka mechi irudiwe kwa simu za kuazima. Chumbageni wanasema sheria tuliyosaini wote inasema simu ni jukumu la mchezaji, ikizima ni yako. Nahodha wa Makorora akajibu jambo ambalo naona lilikuwa sahihi kabisa, akasema shekhe, simu haijazima, simu ni nzima iko mkononi, wiki iliyopita nimekucheza nayo hapa hapa, kilichobadilika ni gemu. Mwenye kibanda yuko katikati na hela za watu mfukoni, mzazi wa kijana mmoja kafika kuuliza elfu tano ya mwanae imeishia wapi, tukamwamkia, tukamkalisha, tukamweleza, na yeye akauliza tu, sasa kama kitu kimeharibika wote mnaona, mshindi anapatikanaje? Baada ya mvutano mrefu zawadi ikagawanywa nusu kwa nusu. Chumbageni hawakupenda maana walikuwa wanaongoza mechi mbili, Makorora hawakupenda maana wanaamini wangeshinda. Mimi naona uamuzi ulikuwa wa haki kwa vile hakuna timu iliyoshindwa kwa uchezaji.

Kilichotusaidia kuelewa ni dada mmoja anayesoma kompyuta, anakujaga na mdogo wake pale. Yeye wakati sisi tunabishana alikuwa anazunguka na daftari, anaandika kila simu iliyokuwepo, RAM ngapi, Android toleo gani, imetoka sehemu gani ya mchezo. Alipomaliza picha ilikuwa wazi. Simu za RAM GB 2 zote zilitoka wakati ule ule wa kushuka na parachuti, za GB 3 zilikuwa zinaganda ganda lakini zinabaki, za GB 4 kwenda juu wala hazikujua kama kuna tatizo. Na Chumbageni hakukuwa na simu ya GB 2 hata moja.

Maelezo yake ni haya, na yanaingia akilini. Android ikiona RAM inakaribia kujaa inaanza kuua apu moja moja, inaanza na zile za nyuma ambazo huzitumii, na kama bado haitoshi inaua hata ile iliyo mbele ya macho yako. Haikuulizi na mara nyingi haikuandikii chochote. Sasa unaposhuka na parachuti ndo dakika gemu linahitaji kuchora eneo kubwa kwa mpigo, majengo yote unayoyaona chini lazima yaingie kwenye RAM, ukiweka ramani yenye picha nzito zaidi kuliko ya zamani basi simu ya GB 2, ambayo sehemu ya hizo GB inaliwa na mfumo wenyewe kabla hujafungua chochote, inafika mwisho pale pale. Kwa kijana aliyeshika simu inaonekana ni bahati mbaya, kumbe ni hesabu, itatokea kila mara.

Na kasoro inayotokea kila mara, mahali pale pale, kwenye aina moja ya simu, ndo kasoro rahisi kuliko zote kuiona kwenye majaribio. Mtu mmoja tu mwenye simu ya GB 2 angeshuka na parachuti mara moja kwenye seva ya majaribio wangeijua. Sasa swali likawa, huyo mtu alikuwa wapi?

Tukarudi kuangalia ile seva iliendeshwaje. Ilikuwa ni apu ya peke yake, unaishusha pembeni ya gemu la kawaida, kwahiyo unahitaji nafasi ya magemu mawili makubwa kwenye simu moja. Simu ya GB 2 za RAM mara nyingi nafasi yake ya kuhifadhia ni GB 16 au 32, ukiweka gemu moja na Wasap na nyimbo chache imejaa. Tayari huyu katoka. Alafu unajaza fomu ya Kiingereza, unasubiri kodi, yaani namba ya siri ya kuingilia, nafasi zina kikomo, ukichelewa kidogo zimejaa. Dogo mmoja wa Mikanjuni alijaribu akakuta zimeisha. Bando la kushusha ni lako mwenyewe, na utalipa tena kushusha apdeti yenyewe ikitoka. Na walioingia, wengi wao ni wa kurekodi video za skini mpya, yaani mavazi ya wahusika, na silaha mpya, ambao kwa kazi yao wana simu kali, sasa simu kali itakuambiaje kwamba gemu linazidi uwezo wa simu dhaifu? Wale wangeweza kucheza mwaka mzima wasione.

Kwahiyo mlango uliandikwa uko wazi kwa wote, ila kila kidato cha kuingilia kilikuwa kinawachuja watu wa aina moja, na hao ndo walikuwa na jibu.

Mfumo huu wa kodi na nafasi chache hauko kwenye gemu moja tu. Free Fire wana Advance Server, unajisajili, unapewa kodi, ukiripoti kasoro unaweza kupata almasi, pesa ya ndani ya gemu. Mobile Legends nao wana Advanced Server. Upande wa kompyuta seva za majaribio ni jambo la miaka mingi, World of Warcraft wana yao inaitwa PTR, League of Legends yao inaitwa PBE, PUBG ya kompyuta ilikuwa na seva yake ya majaribio. Wa Minecraft ya Java ndo naona wamefanya kwa moyo mweupe zaidi, tangu 2011 wanatoa matoleo ya majaribio wanayoyaita snapshot, mwenye gemu yeyote anafungua launcher, ile programu ya kuwashia gemu, anachagua anacheza, hakuna kodi wala foleni, na kuna sehemu ya wazi ya kuripoti kasoro ambayo kila mtu anaisoma. Ile ndo wazi kweli.

Lakini hata seva ikiwa wazi kabisa haishiki kila kitu, na tunaodai inabidi tuseme ukweli huu wenyewe kabla hatujaambiwa. Septemba 2005 World of Warcraft waliweka eneo jipya la Zul'Gurub, adui mkubwa wa mle, Hakkar, alikuwa anawapiga watu laana ya damu inayoambukiza, ilitakiwa iishie mle mle ndani. Wachezaji wa aina ya wawindaji wakawa na wanyama wao walioambukizwa, wakawaficha, wakaja kuwaita tena mjini kwenye watu wengi, laana ikasambaa, wahusika wanaoendeshwa na kompyuta wakaibeba bila kufa, wachezaji wa levo ndogo wakawa wanaanguka barabarani, mpaka kampuni ikabidi izime seva na kuziwasha upya na kuweka marekebisho. Watafiti wa magonjwa ya mlipuko waliiandikia kwenye jarida la Lancet Infectious Diseases mwaka 2007. Kitu kama kile kinahitaji miji iliyojaa na watu wanaofanya wasichotarajiwa, na seva ya majaribio huwa haina watu wengi hivyo.

Kingine ni cha EVE Online, Desemba 2007. Hawa walikuwa na seva yao ya majaribio, Singularity. Wakatoa apdeti kubwa ya Trinity, na gemu lilikuwa na faili lake linaloitwa boot.ini, na Windows XP nayo ilikuwa na faili la jina hilo hilo ambalo bila yake kompyuta inaweza isiwake. Kiingizi cha apdeti kikafuta la Windows badala ya la gemu. Watu wakazima kompyuta, kuwasha haziwaki. Pale kilichoharibika wala sio mchezo, ni namna apdeti inavyoingia kwenye kifaa. Nakitaja kwasababu kinafanana na chetu, unaweza kupima mchezo ukawa mzuri kabisa na ukasahau kwamba apdeti inakwenda kuishi kwenye mashine za watu mbalimbali, na mashine ndo inayoamua.

Na kuna suala la nani analipia majaribio. Oktoba 2018 Fallout 76 walifungua majaribio kwa walionunua mapema, launcher ya kompyuta ikawa na kasoro, ikawafutia watu gemu lote la karibu GB 50 wakaambiwa washushe upya. Kwa mtu mwenye faiba nyumbani ni kero ya jioni moja. Nikilifikiria hilo likitokea kwa kijana wa Makorora anayenunua bando la siku moja moja nakosa la kusema, huyo hatajaribu tena kitu chochote maisha yake, na hatumlaumu.

Wanaopinga seva za majaribio wana hoja mbili ambazo sizichukulii poa. Ya kwanza ni kwamba utamu unaisha, kila kitu kinavuja, siku apdeti inatoka watu wameshaona skini zote na wameshajua silaha ipi inaua haraka, mchezaji wa kawaida anafika kwenye sherehe wenzake wameshakula. Hiyo ni kweli na kwa gemu la kuuza skini ni hela. Ila ramani yetu ingeweza kupimwa bila skini hata moja, unaweka majengo tu na parachuti. Ya pili ni gharama, seva inalipiwa, na ripoti zinahitaji mtu wa kuzisoma, studio ya watu sita haiwezi. Hapo nakubali, studio ndogo siidai. Ila gemu linaloingiza pesa kila msimu kwa kuuza nguo za wanasesere haliwezi kunieleza mimi habari ya gharama.

Kuna wanaosema dawa ni kuachia kidogo kidogo. Google Play inaruhusu apdeti kwenda kwa asilimia fulani ya watu kwanza, ikionekana mbovu unaisimamisha, na Apple wana utaratibu wa siku 7 unaoanza na asilimia 1. Kwa apu ya benki au ya kuagiza chakula ni njia nzuri sana. Kwa gemu la mtandaoni inagoma, kwasababu mimi na wewe tukiwa kwenye rumu moja lazima tuwe na toleo moja, sasa asilimia 5 wakipata ramani mpya watacheza na nani? Ndo maana haya magemu yanaachia kwa wote kwa mpigo, na ndo maana kosa likiwepo linatupiga wote usiku mmoja.

Ninachokidai baada ya kisa hiki ni kwamba seva ya majaribio ipangiwe nafasi kwa aina ya simu. Kampuni inajua ni simu gani zinafungua gemu lake, hizo takwimu wanazo, kama sehemu kubwa ya wachezaji wana GB 2 basi sehemu kubwa ya wajaribuji wawe na GB 2. Na waweke kwa maeneo pia, kwasababu mtandao nao ni kifaa, mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu Tanzania na majirani tulikaa na intaneti ya kuchechemea, gemu likipimwa na watu ambao pingi yao, yaani ule ucheleweshaji wa mtandao, haijawahi kupanda halitajua litafanyaje siku kama zile. Alafu jaribio lisiwe apu nyingine nzima, liwe kipande ndani ya gemu lile lile, kitufe cha jaribu ramani mpya, unashuka na parachuti mara mbili, simu yenyewe inatuma taarifa kama ilikufa au ilipona. Kijana hahitaji kujaza fomu ya Kiingereza wala kutafuta faili lililoandika simu ilikufaje. Na bando alilotumia alipwe, kwa almasi, kwa vocha, wajue wao, maana anafanya kazi.

Na jambo dogo ambalo lingetuokoa hata bila seva, watangaze mapema simu zipi zitaathirika. Kirekebisho chao kilikuja wiki chache baadae, kwenye maelezo wakaandika mstari mmoja kwamba wameboresha kwa simu za uwezo mdogo. Simu za GB 2 zikarudi uwanjani, ramani ile ile, picha za mbali zimepunguzwa ubora kidogo na wala hakuna aliyelalamika. Maana yake iliwezekana tangu mwanzo.

Pale kibandani sheria za mashindano zimeandikwa upya na yule dada ndo aliyeziandika. Fainali haiwekwi wiki ambayo apdeti imetangazwa. Apdeti ikishuka ghafla katikati ya mashindano, mechi zinasimama mpaka kila timu ilete simu yake dhaifu kuliko zote, zinaingizwa rumu moja, zinashuka na parachuti mbele ya manahodha wote wawili, ikitoka hata moja tarehe inasogezwa na kiingilio hakiguswi. Chumbageni walibisha kile kipengele cha simu dhaifu, wakaona kinawapendelea wengine, mabishano yakaenda mpaka kibanda kinafungwa. Wiki iliyofuata wamesaini, na Makorora wamesaini, msimu mpya unaanza na timu kumi na mbili.